Dawa ya Sukuma, Utupa wa Samaki

Kifuniko cha ile chupa kilibeba mililita 10. Nilikijaza mara mbili, nikamimina kwenye pampu ya mgongoni yenye lita 20 za maji, nikaitikisa, nikaivaa, nikaanza kupiga dawa. Ilikuwa Jumamosi alasiri, mwishoni mwa Aprili, kule Ruai, pembezoni mwa Nairobi, kwa kaka yangu. Sukuma wiki yake ilikuwa imejikunja majani kwa vidukari, na mimi ndiye niliyeng'ang'ania tuiokoe kabla wateja hawajatukimbia. Kaka alikuwa ameenda Gikomba kuulizia bei ya samaki. Vidimbwi vyake viwili viko upande wa chini wa shamba, na mistari mitatu ya mwisho ya sukuma imepandwa juu ya ukingo wenyewe wa kidimbwi kikubwa, kwa kuwa pale udongo haukauki upesi.

Nilipomaliza nilisuuza pampu kando ya tangi, nikamwaga. Yale maji yaliingia kwenye mtaro mdogo ambao kaka aliuchimba ili maji ya kisima yateremke vidimbwini. Niliyaona yakienda. Yalikuwa na weupe kidogo, kama maziwa yaliyozidishwa maji, na sikufikiria lolote. Usiku ikanyesha ile mvua ya masika inayopiga mabati hadi watu wa nyumba moja hawasikilizani.

Asubuhi kaka aliniita kwa jina langu. Huwa haniiti hivyo.

Vifaranga wa samaki ndio walikuwa wametangulia. Walielea pembeni kama majani ya mkaratusi. Wakubwa walikuwa bado wanapambana: mmoja anazunguka kwenye duara lile lile, mwingine anachomoka kama aliyedungwa sindano, anagonga ukingo, anarudi kulala ubavu, matamvua yamefunguka hadi unaona wekundu wa ndani. Mdiria alikuwa ametua kwenye kigingi akiwatazama. Kaka alimfukuza kwa kofia. Nilidhani anawalinda samaki. Baadaye aliniambia alikuwa anamlinda ndege.

Mfugaji akiona samaki wamepanda juu alfajiri, cha kwanza kushuku ni hewa. Usiku mimea ya majini nayo huvuta hewa, na mawingu yakitanda siku mbili tatu, hewa ndani ya maji hupungua. Hapo wanaotangulia kufa ni wakubwa, kwa sababu mwili mkubwa una mahitaji makubwa. Kwa hiyo kaka alianza kuyachota maji kwa ndoo na kuyarudisha kwa kishindo ili yapate hewa. Kisha akasimama. Akawatazama tena vifaranga. Akachota maji kwa chupa ya plastiki, akaiinua kwenye mwanga.

Siku nyingine chupa kama hiyo huwa inacheza. Humo huwa na vijidudu vyeupe vidogo kuliko punje ya wimbi, vinarukaruka, navyo ndivyo chakula cha samaki wachanga. Safari hii vilikuwa vimelala chini kama vumbi. Na wale wadudu wenye miguu mirefu wanaotembea juu ya maji bila kuzama, hakuonekana hata mmoja. Hewa ya majini ikiisha, mdudu yule hana habari, kwa maana anavuta hewa hii yetu. Kilichomuua yeye hakikuwa ukosefu wa hewa.

"Mdogo wangu," kaka akasema, na hakupaza sauti, "jana ulipiga dawa gani?"

Tulihesabu hadi 600 tukaacha kuhesabu. Jirani mmoja alikuja na beseni akiomba wale waliokuwa bado wanatikisika, akisema samaki ni samaki. Kaka alikataa kwa upole, akachimba shimo mbali na kisima, tukawazika. Siku nzima hakunilaumu hata kwa jicho, na nakiri kwamba hilo lilinilemea zaidi kuliko kama angefoka.

Nimeandika haya kwa sababu tangu siku ile nimekuwa nikisoma na kuuliza, na nimegundua kwamba kosa langu si la mtu mmoja. Nairobi imezungukwa na mashamba madogo ya mboga, Kikuyu hadi Njiru, Limuru hadi Kamulu, na karibu yote yako kwenye mteremko wa mto, chemchemi au kidimbwi. Tunapiga dawa kila wiki. Tukimaliza, tunaosha pampu pale penye maji, kwa sababu ndipo maji yalipo.

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyonitoa usingizini.

Kidimbwi cha kaka kina mita za mraba 300. Ndicho kipimo kile kile cha vidimbwi ambavyo serikali ilichimbia wakulima kuanzia 2009 chini ya mpango wa kufufua uchumi, vidimbwi 200 kwa kila eneo bunge, kwa kuanzia katika maeneo bunge 140. Kwa kina cha wastani wa mita moja, hayo ni lita 300,000 za maji. Dawa yangu ilikuwa ya kundi la pirethroidi, lambda-sihalothrini, gramu 50 kwa kila lita. Vile vifuniko viwili, basi, vilikuwa na gramu moja ya sumu yenyewe. Kwa samaki wengi, maikrogramu moja ya kitu hiki katika lita moja ya maji, na mara nyingi pungufu ya hapo, inatosha kuua nusu yao ndani ya siku nne. Piga hesabu nami: maikrogramu moja mara lita 300,000 ni karibu theluthi moja ya gramu. Chumvi unayoibana kwa vidole viwili ukitaka kuonja mchuzi ndiyo hiyo. Nilikuwa nimeibeba mgongoni mara tatu yake.

Si yote iliyofika majini, najua. Nyingi ilibaki kwenye majani, na nyingine ilinata kwenye udongo, kwa sababu pirethroidi hupenda udongo na mafuta kuliko maji. Lakini haikuhitajika yote. Na ile iliyonata kwenye tope la chini nayo haikuwa imekwisha. Ndani ya maji yenyewe dawa hii hupungua kwa siku chache, bali kwenye tope hukaa majuma, na wanaoishi topeni ni watoto wa kerengende, minyoo na wengine ambao hatuwaoni mpaka samaki waanze kukonda kwa kuwakosa.

Kwa nini samaki afe na mimi niliyeivuta puani jioni nzima nikaamka nikinywa chai? Swali hili lilinisumbua kuliko mengine. Dawa hii hushambulia neva. Kwenye neva kuna vilango vya sodiamu vinavyofunguka na kufungwa kwa kasi kubwa, na kila ujumbe wa mwili, tikisa mkia, vuta pumzi, hupita kwa kufunguka na kufungwa huko. Pirethroidi hukizuia kilango kisifungwe. Neva inabaki inapiga kelele, misuli inakakamaa, na ndiyo maana ya yule samaki aliyekuwa akizunguka. Mwili wa mtu, wa ng'ombe au wa kuku una vimeng'enya vya ini ambavyo huikatakata dawa hii upesi kabla haijaleta madhara makubwa. Samaki ana uwezo mdogo sana wa kuivunja. Tena hawezi kuikwepa. Kila anapovuta maji kwa kinywa na kuyapitisha kwenye matamvua, anaiingiza moja kwa moja kwenye damu, pumzi baada ya pumzi.

Cha kunishangaza zaidi ni kwamba kitu hiki kina undugu na zao tulilolima kwetu. Pirethroidi zimetengenezwa maabara kwa kuigiza sumu ya ua la pareto. Bibi yangu mzaa mama alilima pareto Molo, miaka ile Kenya ilipokuwa ikiongoza dunia kwa zao hilo. Tulijivunia: ua la kuua mbu, lisilomdhuru mtoto aliyelala chumba kile kile. Na ni kweli. Lakini hata pareto yenyewe, ua safi bila maabara yoyote, ni sumu kali kwa samaki. Zile za maabara zimeongezewa tu uwezo wa kuvumilia jua ili zikae shambani muda mrefu, na kwa samaki huo ndio msiba zaidi. Mtu anaponiambia dawa yake "ni ya asili, haina shida," huwa namuuliza: haina shida kwa nani?

Lugha yetu ililijua jambo hili zamani. Kuna mmea unaitwa mtupa. Majani yake hupondwa na kutiwa mtoni au kwenye madimbwi ya bahari maji yakupwapo, samaki wakalewa, wakaelea, wakaokotwa. Sumu hiyo inaitwa utupa. Majani yale yale wakulima huyaloweka na kuwanyunyizia wadudu shambani, na wafugaji huwaoshea mifugo dhidi ya kupe. Ndani yake mna rotenoni, ambayo huzuia chembe hai za mwili kutumia hewa. Basi babu zetu walikuwa na mmea mmoja wa kazi mbili, na hakuna aliyeshangaa kwamba kinachomuua mdudu kinamuua samaki. Sisi tumekuja tukaiita yote "dawa", neno lile lile tunalompa mtoto mwenye homa, na ndani ya neno hilo utupa umepotea. Siku ile ningeulizwa kama nimemwaga sumu mtaroni ningekana kabisa. Nilikuwa nimesuuza dawa.

Wapo walioifanya kwa kukusudia. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa Ziwa Victoria kutoka Kenya, Uganda na Tanzania, baada ya habari kwamba kuna wavuvi wanaomwaga dawa za wadudu ziwani ili samaki waelee, wavue bila kutoka jasho. Nilikuwa shule ya msingi. Nakumbuka baba akirudi nyumbani na nyama siku ambayo kwa desturi ilikuwa ya samaki, akamwambia mama kwamba mpaka mambo yaeleweke, omena na ngege haviingii jikoni mwetu. Viwanda vya minofu vilipata hasara, na wavuvi wengi ambao hawakuwahi kushika chupa ya sumu waliumia pamoja na waliokosa. Wakati ule niliona ni ukatili wa watu wa mbali. Sasa najua kwamba samaki hana njia ya kutofautisha mkono wa kusudi na mkono wa kutojua.

Lakini kuna kifo kingine, na hiki ndicho ninachokihofia kuliko kile cha asubuhi moja, kwa sababu hakimpi mtu samaki wa kuhesabu. Huko Japani kuna Ziwa Shinji. Mwaka 1993 mashamba ya mpunga yanayolizunguka yalianza kutumia dawa za kundi la neonikotinoidi, ambazo huyeyuka majini vizuri sana. Zile haziui samaki kirahisi. Ndiyo sifa yake mojawapo. Ila wale vijidudu wa ziwani, wale wa kwenye chupa ya kaka, walipungua ghafla. Samaki mdogo aliyewategemea akapungua nao: mavuno yalishuka kutoka tani 240 kwa mwaka hadi tani 22. Watafiti walipoichapisha habari hiyo mwaka 2019 zilikuwa zimepita zaidi ya robo karne. Hakuna asubuhi hata moja ambayo mvuvi wa Shinji aliamka akakuta ziwa limejaa maiti. Walikosa chakula tu, mwaka hadi mwaka.

Na jambo la hapa kwetu. Wanasayansi wa icipe, taasisi ya wadudu iliyoko Kasarani ambayo Profesa Thomas Odhiambo aliianzisha mwaka 1970, walishirikiana na wenzao wa Ujerumani kupima maji katika sehemu 48 magharibi mwa Kenya. Walitaka kujua dawa za mashambani zinawafanyia nini konokono wanaobeba kichocho. Walichokiona, wakakichapisha mwaka 2020, ni kwamba konokono wale huvumilia dawa kuliko wadudu wa majini wanaogombania nao chakula. Dawa ikiingia, washindani wanakufa, konokono wanabaki na meza yao peke yao, wanaongezeka. Mtoto anayeoga pale anapata kichocho kutokana na dawa iliyopigwa kwenye kabichi za jirani. Nilisoma habari hiyo nikiwa kwenye matatu ya Thika Road, nikapitiliza kituo changu.

Zile dawa za zamani, DDT na jamaa zake, zilikuwa na tabia nyingine: hazivunjiki kirahisi, zinakaa kwenye mafuta ya mwili na kupanda ngazi, kutoka kijidudu hadi samaki hadi ndege. Kenya iliiondoa DDT mashambani mwaka 1986. Nawasikia watu wakisema hizi za sasa ni afadhali kwa sababu hazikai. Kwa ndege na kwa mtu, sawa. Kwa aliye majini, kufa leo kwa kitu kisichokaa ni kufa vilevile.

Nilirudi kwenye duka la agroveti na ile chupa. Sikwenda kugombana. Nilitaka kujua kama yule muuzaji alijua. Aliponiuzia alinionyesha utepe wa rangi chini ya lebo, akaniambia hii si ile nyekundu, haina ukali mwingi, vaa tu glavu na barakoa. Ushauri mwema, na hakuna neno la uongo ndani yake. Kumbe rangi ile, nyekundu, njano, buluu na kijani, hupangwa kwa hatari kwa binadamu, na anayepimwa ni panya wa maabara. Samaki hamo kwenye hesabu ya rangi. Yeye amewekwa pembeni, kwenye picha ndogo ya samaki iliyochorwa karibu na picha ya glavu, ikimaanisha usichafue mito na mabwawa. Tuliitafuta pamoja, mimi na yule kijana wa kaunta, tukaipata imefunikwa nusu na kibandiko cha bei. Aliking'oa kibandiko kwa ukucha, akakihamishia nyuma ya chupa, kisha akaanza kukihamisha kwenye chupa nyingine zilizokuwa rafuni. Nilimshukuru. Ingawa samaki wa kaka hawakurudi, nilitoka pale nikiwa na nafuu.

Kidimbwi tuliamua tusikifungulie. Ungekuwa wepesi kuyaachia maji yale yaende zake bondeni, lakini bondeni kuna watu, ng'ombe na mto. Tuliziba mtaro, tukayaacha yapigwe na jua. Mistari mitatu ya ukingoni tukaing'oa, pakaoteshwa nyasi nene za kuchuja maji ya mvua. Vidukari sasa kaka anawaosha kwa mpira wa maji asubuhi, anakata majani yaliyoshikwa sana na kuwapa kuku, na wale wadudu wekundu wenye madoa meusi wanaokula vidukari, ambao dawa yangu ilikuwa ikiwaua pamoja na adui, wamerudi wenyewe. Kuna aliyetushauri mwarobaini. Tunautumia, ila upande wa juu tu wa shamba na kwa uangalifu ule ule, maana nimeshajifunza swali la kuuliza.

Kabla ya kununua vifaranga wapya kaka hakupeleka maji popote kupimwa. Aliwaweka watano kwenye kikapu cha wavu ndani ya kidimbwi, akasubiri wiki. Lakini mimi nilikuwa nimeshapata jibu siku chache nyuma, jioni moja nilipoinama nikaona mdudu mmoja mwenye miguu mirefu amesimama juu ya maji, na vijishimo vinne vya kivuli chini yake.

Mwezi uliopita nilikuwa Njiru kumtembelea rafiki, tukatembea hadi kwenye mashamba ya kando ya Mto Nairobi. Mto wenyewe mnaujua ulivyo ukishapita jaa la taka la Dandora. Kijana mmoja alikuwa amechutama kwenye jiwe, anasuuza pampu ndani ya mto. Nilimsalimia, akajibu "mzuri, mama," nikamwambia kilichonipata Ruai. Alinisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

"Lakini mama," akasema, "hapa hakuna samaki. Nimezaliwa hapa, sijawahi kuona hata mmoja."

Nilikosa la kusema kwa muda. Kisha nikamuuliza kama anayajua maporomoko ya Fourteen Falls. Anayajua, walipelekwa na shule. Nikamuuliza kama aliwaona wale wanaume wanaovua pale kwenye miamba. Aliwaona. Nikamwambia mto huu ndio unaoingia Athi, na Athi ndiyo ile ya maporomoko, na kutoka pale unakwenda hadi Galana, na Galana ndiyo Sabaki, inayomwagikia baharini kaskazini mwa Malindi. Aliyatazama maji yale meusi yakipita, akaitazama pampu.

"Sasa hii niimwage wapi?"

Nikamweleza nilivyoelezwa mimi: maji kidogo ndani, tikisa, yapige kwenye mboga ulizokwisha kuzipiga, kwenye udongo usio na mteremko, mara tatu. Alichota kwa kopo, akapanda nayo hadi mstari wa mwisho wa spinachi, ule ulio mbali kabisa na mto, akaanza kupampu. Alipomaliza ya kwanza akateremka kuchota mengine. Aliacha pampu kule juu, akaja na kopo peke yake.